Koja la Roboti

Kila asubuhi Poongodi alimsaidia mama yake kutunga maua ya kuuza kwenye kibaraza chao mjini Melapatti. Lakini siku ya sikukuu ya zana za kazi, ambapo kila zana, hata vitabu vya wanafunzi, huvishwa maua na kupumzishwa, koja refu kuliko yote halikuwa la kuuza. Lilikuwa la roboti ya halmashauri inayozibua mitaro. Aliipenda roboti ile, kwa sababu tangu iletwe, baba yake, Veeraiyan, hakushuka tena kwenye mashimo ya maji taka.

Aliivisha koja, akaipaka liwa. Msimamizi wa baba yake, Bwana Dharmalingam, akaivunjia nazi ya baraka. Haikupita saa, mtaro wa sokoni ukafurika.

"Tuiwashe," Veeraiyan alisema.

"Leo zana haiguswi," msimamizi alijibu. "Babu yako alishuka, baba yako alishuka. Wewe umeota mapembe?"

"Kweli, Appa," Poongodi akadakia, akihofia koja lake lisichafuke. "Hata mimi leo sigusi vitabu. Iache ipumzike."

Baba yake alimtazama kidogo, akajifunga kamba kiunoni, akashuka. Punde kamba ikalegea. Wanaume wanne walimvuta juu, macho yamegeuka, hewa ya sumu imemlevya.

Hospitalini Poongodi na mama yake walimkuta kwenye mashine ya kumsaidia kupumua. Ilikuwa ikiunguruma, nayo imevishwa koja na kupakwa tone la liwa. Poongodi aliitazama, kisha akaangua kilio.

"Amma, hii nayo imevishwa."

"Imevishwa, na inafanya kazi," mama alisema, bila kumbembeleza. "Muuguzi angeiacha ipumzike, saa hizi tungekuwa tunalilia maiti."

"Mimi ndiye niliyesema ipumzike."

"Ulisema. Na mtu mzima mwenye ndevu zake akaamuru. Kila mtu abebe lake."

Kesho yake roboti ilizibua mtaro ule kwa dakika ishirini, na Dharmalingam akasimamishwa kazi. Baada ya wiki tatu Veeraiyan alirudi nyumbani, lakini pumzi zake za zamani hazikurudi. Kupanda vidato vitatu vya kibaraza tu, ilibidi akae kwanza. Poongodi alimletea maji, akashindwa kumtazama usoni.

"Nisamehe, Appa."

"Nilishakusamehe," baba alisema. "Ziheshimu zana, mwanangu, ndizo zinazotulisha. Lakini siku wakikwambia mashine imepumzika, uliza kwanza ni nani anayeshuka badala yake."