Faili Lisilobeba Sauti

Ntakarutimana, rafiki yangu mwenye studio pale Bangwe, kisa hiki aliniambia mara moja tu, na hataki kuulizwa tena.

Mwaka ule wakimbizi walipojaa Kagunga, alirekodi kwaya yao. Baadaye akazihamishia nyimbo kwenye kompyuta nyingine kwa MIDI, faili linalobeba noti za kinanda tu, kisha akafuta zile za mwanzo. Sauti za watu zikapotea zote, hata ya Spesiosa, mwanzishaji wao wa nyimbo. Naye Spesiosa alikuwa keshazikwa, kipindupindu.

Mchana mmoja mama yake Spesiosa akaja studio kumsikiliza mwanawe.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, kimebaki kinanda tu."

"Cheza hicho hicho, mwanangu."

Kabla hajabonyeza kitu, umeme ukakatika. Chumba kile hakina dirisha. Kikawa giza totoro. Ndipo spika zikahesabu kwa Kirundi, kama Spesiosa alivyozoea kabla kwaya haijaingia: "Rimwe, kabiri, gatatu." Kimya. Zikahesabu tena.

Ntakarutimana akapapasa, akachomoa waya wa spika, akabaki ameushika.

"Anatungoja tuingie," mama akanong'ona.

"Rimwe, kabiri, gatatu." Safari hii wakamsikia akivuta pumzi, ile ya kuanza wimbo.