Tangulia, Tunakuja

Haya yalimkuta rafiki yangu Sosthenes, mcheza dansi wa Iringa. Kundi lao lilikuwa likiigeuza opera moja ya kale kuwa dansi: mume anamfuata marehemu mkewe kuzimu, anaruhusiwa kumrudisha, mradi asigeuke kumtazama kabla hawajatoka. Sosthenes ndiye aliyecheza mume. Mke wake mwenyewe, Veneranda, alifariki mwaka juzi kwa ajali ya gari kule Uyole.

Jioni moja alirudi ukumbini Mlandege kufuata viatu alivyosahau. Akiwa jukwaani, umeme ukakatika. Alipoanza kupapasa kuelekea mlangoni, akasikia miguu mitupu ikimfuata. Akisimama, nayo inasimama.

“Vene, ni wewe?” aliuliza, machozi yakimlengalenga.

“Tangulia tu,” sauti ya mkewe ikamjibu. “Tunakuja.”

Akatembea bila kugeuka. Mkono ulikuwa umeshashika kitasa aliposikia mtu amejikwaa nyuma yake. Akageuka haraka amdake.

Hapakuwa na mtu. Nyayo zilirudi gizani polepole. Na Sosthenes, aliyemzika Veneranda na mimba yake tumboni, akasikia, kando ya nyayo hizo, nyingine: ndogo, za kuyumba, za mtoto anayejifunza kutembea.