Ekuteri za Massoudi

Sponji ya ekuteri ilikuwa imelowa. Saliha aliibonyeza kwa kidole, ikatoa maji ya manjano, ya uvuguvugu, na kiangazi kile mvua haikuwa imenyesha Bujumbura hata tone. Mtu mwenye akili angerudisha mkono wake akaenda zake. Lakini Saliha alikuwa na safari.

Kila wiki alipanda basi kwenda Kigali kuleta vitenge, na kila wiki, basi likianza tu kupanda mlima, abiria walianza hadithi zilezile: wapi watu walichomwa, nani alikatwa, mtoto wa nani hakuonekana tena. Alichoka. Alitaka ekuteri, vile vidude vya kuvaa masikioni usikilize kaseti yako peke yako. Tena alitaka ndogo, ya kukunja, iingie kwenye pochi, maana katika njia ile kitu kilichoonekana kilichukuliwa.

"Hizi kubwa zinafunika sikio lote," Massoudi alimwambia pale mezani kwake, sokoni Jabe. "Lakini utazibeba wapi, dada? Hizi za kutumbukiza ndani nazo, basi ikiruka shimo, zinaanguka. Chukua hii ya kukunja. Angalia, inaenea mukononi."

"Imelowa, Massoudi. Na inanuka."

"Jasho tu la mutu." Akaitemea mate, ptu, akaifuta kwenye shati lake. "Haya, iko safi."

"Mutu gani?"

"We unanunua ao unapeleleza?"

Jabe nzima ilijua vitu vya Massoudi vinatoka wapi. Basi lilishambuliwa njiani, marehemu wakapekuliwa, na baada ya siku chache saa zao, viatu vyao na redio zao vikawa mezani, vimepanguswa mate. Watu walijua, na walinunua. Uchafu mtupu, na hakuna aliyeona haya. Saliha naye akanunua.

Nyumbani akaivaa kuijaribu, waya wenyewe hajauchomeka popote. Akasikia sauti ya mama yake: "Saliha!"

"Abee, mama!"

Kitu cha moto, chenye unyevu, kikapita taratibu ndani ya sikio. Akatoka uani nayo sikioni, akamkuta Mwanasiti, mama yake, anachambua mchele.

"Umeniita, mama?"

"Mi? Apana. Nimejinyamazia hapa."

Sasa, Saliha alikuwa amelelewa. Mtoto wa Mwanasiti akiitwa na mkubwa huitika kabla hajajua anaitiwa nini, hata akiwa chooni. Kunyamaza ni kukosa adabu. Kwa hiyo sauti ilipomwita tena, aliitika, na ilipomwita tena, aliitika, na kila alipoitika kile kitu kilimlamba, kikazama zaidi.

Kesho yake sponji ilikuwa imevimba. Imekuwa ya pinki, ina vipele vipele, kama ulimi wa ng'ombe kwenye meza ya bucha, nayo imemganda sikioni.

"Saliha, toa hiyo kitu!"

"Haitoki, mama."

Mwanasiti akaivuta. Ulitoka uzi mrefu wa usaha na nta, ukaning'inia mpaka begani, ukinuka samaki, ndagala zilizoozea kwenye gunia. Maskini mama wa watu akatapika palepale kwenye ungo wa mchele.

Baada ya sala ya adhuhuri akaitwa Khaled, mwalimu wa madrasa aliyejulikana kwa kusomea wagonjwa. Alitazama mara moja, akaziba pua kwa mkono wa kanzu.

"Huyu jini anakula kuitikiwa," akanong'ona. "Mwenye sikio la kwanza amekufa njiani, sasa amepata lingine. Saliha, nitasoma mpaka alasiri. Ataita. Usimwitikie. Ukimwitikia tena, ataingia mzima mzima, na mi sitaweza kitu."

"Na mama akiniita kweli?"

"Ndiyo sababu mama atatoka. Mama Saliha, nenda kwa jirani, kwa Pascaline, usirudi mpaka adhana. Sauti yako ikisikika humu ndani, si yako."

"Nimuache mutoto wangu na kile kitu?" Mwanasiti alilia.

"Nenda, mama."

Akaenda, anageuka geuka.

Khaled akafunga mlango, akaanza kusoma, na kile kitu kikaanza kuita, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali wa mama aliyekasirika, kisha kikicheka, kikilia, kikimwita kwa jina la utoto ambalo mama yake peke yake alilijua, na kila neno lilikuja na ute uliomshuka shingoni hadi kifuani, na huko nje mabomu yakaanza kurushwa kutoka milimani, moja likaanguka karibu sana mpaka vumbi likamwagika darini, na mara hiyohiyo sauti ikaja ya chini, inahema, "Saliha, nimeumia, mwanangu, niitikie hata mara moja," na Saliha akauma kanga yake mpaka fizi zikatoa damu, machozi yanamtiririka, asiseme kitu.

Adhana ikapigwa. Ekuteri ikaanguka sakafuni.

"Alhamdulillahi," Khaled akasema. Aliiokota kwa kijiti: sponji imekauka, nyepesi, haina kitu ndani. Akaimwagia mafuta ya taa, akaichoma, ikanuka nywele.

Saliha akafungua mlango aende kumwita mama yake. Uani watu walikuwa wanaingia na godoro, Pascaline mbele, nguo yake imejaa damu. Juu ya godoro mtu amefunikwa kitenge. Saliha aliijua miguu.

"Saliha," sauti ikatoka chini ya kitenge, imechoka, ya mama kabisa.

Tangu adhuhuri alikuwa ameikatalia sauti hiyo. Moyo ukampasuka. "Abee, mama! Abee! Niko hapa!" Akamwangukia, akalaza sikio lake bichi juu ya kitambaa, penye mdomo.

Pascaline akamshika bega. "We Saliha, unamwitikia nani? Mama yako amekufa palepale bomu ilipopiga. Hajasema hata neno."

Saliha hakuinuka. Chini ya kitenge palikuwa na joto, na kitu kilikuwa kinamlamba.