Vidole Vitatu vya Pindo

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, kazi yangu ilikuwa kufagia chini ya cherehani. Mama alikuwa fundi wa nguo, na ikifika jioni macho yake yalikuwa yamechoka kutafuta pini sakafuni. Kwa hiyo mimi nilipita asubuhi na ufagio wa mkono na sumaku iliyofungwa kwenye uzi. Ufagio ulichukua nyuzi na vipande vya vitambaa, sumaku ikachukua pini. Mdogo wangu, ambaye sote tulimwita Maswali, alizihesabu na kuniuliza kama kuna pini yoyote duniani ambayo haijawahi kupotea.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha kulala. Kingine kilikuwa cha kushonea, kupigia pasi, kulia chakula, kuandikia kazi za shule na kupokea wateja, na ndani yake vitu vilibanana mpaka mgeni akiingia ilibidi mmoja wetu atoke. Makopo ya vifungo yalikaa juu ya dirisha. Vipande vya vitambaa vilijaa kwenye mifuko nyuma ya mlango, na mlango wenyewe haukuwahi kufunguka wote.

Bibi alifariki mwanzoni mwa muhula wa mwisho. Alikuwa mama yake Mama, na ndiye aliyeanzisha kazi ile ya kushona. Siku ya mazishi sikulia. Wanawake wa mtaani wakanong'ona kwamba mtoto huyu ana moyo mgumu, wengine wakanisifu kwamba nimejikaza. Wote walikosea. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nilikula nilipopewa chakula. Nilifanya mtihani nikapata alama zangu zilezile. Nikiona kiti cha Bibi niliona kiti, basi.

Likizo ilipoanza nikaanza kutazama video kwenye simu ya Mama. Kulikuwa na dada mmoja ambaye sikujua jina lake, mimi nilimwita Dada wa Chumba Cheupe. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja na ua moja ndani ya glasi. Alizungumza taratibu, akisema kwamba wingi wa vitu ndio unaotuchosha roho, na kwamba yeye alipotoa vyake alianza kulala vizuri. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kitu ambacho hakijatumika miezi sita kitoke bila mjadala. Ya pili aliirudia kila video.

"Shika kitu kwa mikono miwili," alisema. "Kaa kimya, usikilize moyo wako. Moyo usiposema lolote, kitu hicho si chako tena."

Nilizitazama video zake zote nane, mara nyingi sana. Sikuwa na hamu ya kitu chochote siku zile, lakini chumba kile nilikitamani. Hakikuwa na kitu hata kimoja cha kumkumbusha mtu jambo lolote.

Siku moja Mama alituaga asubuhi. Alikuwa anakwenda shuleni kwetu kuonana na mwalimu mkuu, kisha apitie kwenye duka la vitambaa vya jumla, na angerudi alasiri. Aliniambia nimwangalie Maswali na nisimruhusu kuchezea pasi. Alipopotelea kwenye kona, nikafungua mlango mpaka pale ulipofika, nikaanza kazi.

Nilianza na vitu vyangu. Nikashika daftari, nikasikiliza. Kimya. Nikashika mwanasesere niliyeshonewa nilipokuwa na miaka mitatu. Kimya. Nikashika sare zangu za zamani, sketi na mashati ya tangu darasa la kwanza ambayo Bibi alikataa yatupwe, nayo yakanyamaza. Maswali alinifuata nyuma akiuliza kila kitu kimesema nini. Mwishowe akaninyooshea mikono, nimshike na yeye.

Nikamshika. Akasubiri.

"Moyo umesema nini?"

"Haujasema kitu. Lakini wewe huenei kwenye mfuko."

Alicheka sana. Mimi nilikuwa nasema kweli, ila hakujua.

Kufikia saa sita nilikuwa na marundo mawili mlangoni, la nguo na la karatasi. Nguo nilikusudia kumpa jirani yetu mfua nguo, ambaye hakuwa amerudi kutoka kazini. Karatasi zilikuwa za kumpa Mzee Mizani, aliyepita mtaani kila siku na mkokoteni wake akinunua makaratasi makuukuu, mizani ikining'inia shingoni. Rundo lake lilikuwa dogo, nikarudi ndani kutafuta zaidi. Chini ya kitanda nikakuta gunia la Bibi.

Nililijua. Ndani yake mlikuwa na karatasi zake za kukatia, karatasi nene za kaki zilizotokana na mifuko ya saruji, kila moja imekatwa kwa umbo la kipande cha sare: mbele ya shati, mkono, kola, sketi, kaptula, kwa kila darasa. Zilikuwa ishirini na moja, kila moja ina tundu la kutundikia na maandishi ya Bibi kwa penseli. Zilitoka mara moja kwa mwaka, kabla ya shule kufunguliwa. Miezi iliyobaki Mama alishonea wateja bila kuligusa gunia, maana wateja huja na nguo ya mfano na Mama huifuatisha. Kwa hiyo niliamini vipimo vyote viko kichwani mwake. Tena miezi sita ilikuwa imepita, hata kumi.

Hata hivyo nilifuata sheria. Nikatoa karatasi ya juu, nikaishika kwa mikono miwili, nikakaa kimya. Nakumbuka nilisubiri muda mrefu kidogo kuliko kwa vitu vingine. Moyo haukusema kitu.

Mzee Mizani alipofika akalipima gunia, akanisifu kwamba karatasi kama hizi siku hizi hazipatikani, akatia mkono mfukoni anilipe. Nikamwambia sitaki hela, nataka nafasi. Akanitazama, akaondoka upesi kabla sijabadili mawazo.

Mama alirudi alasiri na majora mawili ya kitambaa kichwani, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba. Mwalimu mkuu alikuwa amempa kazi ya sare za shule nzima. Miaka yote alipewa nusu, nusu nyingine ikaenda kwa fundi wa sokoni. Zilibaki siku kumi na mbili shule ifunguliwe. Akichelewesha sare, kazi yote ingekwenda sokoni na isingerudi tena kwetu. Alitua mzigo, akaangalia chumba kilivyong'aa, akanisifu. Kisha akainama chini ya kitanda.

Aliinama muda mrefu. Alipouliza gunia liko wapi, nilimwambia ukweli, neno kwa neno, pamoja na sheria ya kushika kwa mikono miwili. Sikuogopa. Hilo lenyewe lilinishangaza, nikamwangalia Mama kama ninayemwangalia mtu dukani.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliketi juu ya jora.

"Mimi najua kushona," alisema. "Kukata alijua Bibi yako. Mimi nilifuata tu karatasi zake."

Maswali akauliza kama basi sare hazitakuwepo. Mama akamwambia kwamba asubuhi tungezifuata karatasi.

Asubuhi yake tulikwenda wote watatu kwa Mzee Mizani. Alituambia kwamba magazeti hupeleka kiwandani, lakini karatasi nene kama zile huwauzia wenye duka la vifaa vya ujenzi, hapo ng'ambo ya barabara, wanafungia misumari. Tukavuka. Mwenye duka alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alivuta boksi chini ya meza, tukaanza kuchambua. Karatasi kumi na mbili zilikuwa nzima. Nyingine zilishatoka na misumari ya watu. Alimkumbuka mteja mmoja tu, fundi seremala wa mtaa wa pili, kwa sababu alirudi kulalamika kwamba misumari imetoboa karatasi.

Tulimkuta seremala akipiga randa. Kifurushi kilikuwa juu ya meza yake. Alimwaga misumari kwenye kopo, akaikunjua karatasi kwa kiganja, akaisoma kwa sauti kabla ya kutukabidhi: "Sketi, darasa la nne. Pindo vidole vitatu. Anakua huyu." Akauliza ni nani huyo anayekua. Mama akanielekezea kidevu. Kumbe karatasi ya darasa la nne Bibi aliipima kwenye mwili wangu. Nilijua kwamba hapo nilipaswa kuhisi kitu, nikangoja, hakikuja.

Kumi na tatu zilipatikana. Nane hazikupatikana, na nyingi zilikuwa za watoto wadogo, ambao ndio wengi shuleni. Njiani Mama alitembea mbele, mabega yameshuka. Alisema labda arudishe jora moja, achukue madarasa ya juu tu, amwombe radhi mwalimu mkuu. Tulipofika nikafungua mlango wetu, ukagota kwenye kitu. Rundo la nguo lilikuwa bado pale. Yule jirani mfua nguo hakuwa amekuja kulichukua.

"Mama," nilisema, "wateja si huleta nguo ya mfano?"

Mama aliliangalia rundo. Akavuta sketi ya darasa la kwanza, ya pili, ya tatu, shati kubwa, shati dogo. Zote zilikatwa na Bibi kwa karatasi zilezile. Aliketi sakafuni palepale, akaniambia nilete wembe, chaki na mifuko ya saruji kutoka kwa mwenye duka. Kaptula tuliazima kwa majirani kwa ahadi ya kuzishona upya, zilezile alizokata Bibi miaka iliyopita.

Siku mbili tulifumua. Mama alifumua, mimi nikatandaza vipande juu ya karatasi na kuvipigia mstari, Maswali akashikilia pembe. Katikati ya kazi Mama akaniambia nimwonyeshe huyo mwalimu wangu wa kwenye simu. Nikamwekea video. Alizitazama zote nane huku akivuta nyuzi.

"Hili gauni alilovaa hapa lina kola," alisema. "Hapa halina. Hili limewekwa marinda, na hili limekatwa mshazari, hiyo ni kazi ya siku tatu. Nimehesabu magauni manane meupe. Kwenye chumba chake sioni kabati. Yako wapi?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimezitazama video zile mara ishirini, tena mimi mtoto wa fundi. Nikakumbuka na kitu kingine: kila video iliishia kwa kikapu kipya, na namba ya kukiagizia.

"Simsemi vibaya," Mama akaendelea. "Huenda analala vizuri kweli. Na sisi tuna takataka humu, hata mimi naona. Ile mifuko nyuma ya mlango kesho tuichambue pamoja. Lakini yeye akitupa mkasi leo, kesho atanunua mwingine. Kitu cha Bibi yako utakinunua wapi?"

Nikainamia kazi yangu. Nilikuwa nafumua pindo la sketi yangu ya darasa la nne, ambayo nayo ilikaa miaka bila kuvaliwa, ili kuhakikisha ukingo wa karatasi yake uliotobolewa na misumari. Nilipokunjua pindo, kitambaa cha ndani kilikuwa cha buluu iliyokolea, hakijaona jua wala sabuni. Nikaweka vidole vyangu vitatu juu yake kupima. Havikutosha. Kipande kilibaki pembeni, upana wa kalamu. Nikapima tena, nikidhani nimekosea. Kisha nikaelewa kwamba vidole vilivyopima pindo lile vilikuwa vinene kuliko vyangu, na kwamba havitapima tena.

Hapo ndipo nililia. Nililia mpaka Maswali akaachia pembe za karatasi. Iliuma sana, kama mguu unavyouma damu inapoanza kurudi. Mama aliweka wembe mbali, akanivuta.

"Wewe moyo wako ulikuwa umelala," alisema. "Hakuna ubaya, wangu pia ulilala. Lakini moyo uliolala usiupe kazi ya kuamua. Ukitaka kutoa kitu, muulize kwanza mwenye kukitumia. Na ukiona chumba cha mtu kwenye simu, jiulize ni nini ambacho hakuonyeshi. Umenielewa, mwanangu?"

Nilimwambia nimeelewa. Nikamwomba radhi pia, na safari hii nilijua ninaomba radhi ya nini.

Sare zilikamilika siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Ile mifuko nyuma ya mlango tuliichambua kama Mama alivyosema, tukatoa mitatu, na mlango sasa unafunguka wote. Karatasi ishirini na moja zilirudi kwenye gunia. Zile nane mpya niliziandika mimi, kwa penseli, Mama akinitajia la kuandika. Kwenye kila karatasi ya sketi aliniambia niandike pindo vidole vitatu. Nikaandika, nikafikiri, nikaongeza: vya mtu mzima.