Ukurasa wa Pili

Lifti ilijaa hadi mlango ukagoma kufunga. Mwalimu wa yoga, msichana mrefu mwenye gauni la kijani, alikuwa amemchoma mgongoni kwa mkeka wake mwanamume mmoja aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi barabara.

"Samahani, kaka. Mkeka wangu unakusukuma."

"Uache, dada. Huenda nikanyooka."

Kumbe walikuwa majirani wa ghorofa ya nne. Mwanamume yule alikuwa mshauri wa saikolojia. Vyumba vyao vya kazi vilitenganishwa na ukuta mmoja, na printa yao ilikuwa moja, koridoni. Mapenzi hayakuchelewa.

"Hivi huko mkekani unafundisha nini, mpenzi?"

"Kwamba wazo si wewe. Unaliangalia likipita. Likiwa baya, unalea la kinyume chake. Walimu wa kale walisema hivyo."

"Wateja wangu huliandika, kisha wanalidai ushahidi."

"Basi kazi ni moja. Wewe umeikalisha kitini, mimi nimeilaza chini."

Walipoanza kuzungumzia harusi, mshauri aliingiwa na hofu. Mganga hajigangi, lakini yeye alijaribu: alijaza fomu anayowapa wateja, akaichapa. Ukurasa wa kwanza ulipotoka karatasi zikaisha, na mteja akamwita, akauacha pale printani. Mwalimu alipita, akausoma.

*Wazo linalonisumbua: Nikimwoa nitajuta.*

Akampigia simu palepale.

"Nimeiona karatasi yako."

"Ipi, mpenzi? Ngoja kwanza..."

"Usijisumbue. Wazo lako naliacha lipite, na mimi napita nalo."

Akakata, na hakupokea tena. Alilia hadi kope zikavimba. Hakuna namna ya kupumua aliyoijua iliyomsaidia.

Kesho yake asubuhi alikuja kuchapa tangazo la kuhama. Akaweka karatasi. Printa ikakohoa, ikatoa kwanza kiporo chake cha jana.

*Ushahidi unaolipinga: Nikikosea hunicheka, halafu huniamini. Akiumwa kichwa hunitafuta mimi. Tangu siku ya lifti sijapinda mgongo.*

*Wazo la kinyume: Nisipomwoa nitajuta.*

Aliisoma mara mbili, amesimama palepale. Kisha akagonga mlango wa jirani, karatasi ikiwa mkononi. Mshauri alifungua, shati lake halikuwa limepigwa pasi.

"Fomu yako ina kasoro," mwalimu alisema. "Haina mahali pa sahihi."

"Sahihi ya nini?"

"Ya anayekubali."

Mshauri alitafuta rula, akapiga mstari chini ya ukurasa wa pili, akamkabidhi kalamu.