Mafuta Mazuri ya Fundi Timazi

Fundi Timazi alikuwa mwashi. Jina hilo, la kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, alipewa na wenzake kwa sababu kuta zake zilinyooka kweli kweli. Aliongoza kikosi cha mafundi kumi na wawili waliokuwa wakijenga jengo la ghorofa nne. Alipenda mzaha, alicheka kwa sauti kubwa, na sigara haikumtoka mdomoni.

Binti yake alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya. Siku moja alimbembeleza baba yake akapime mafuta kwenye damu. Majibu yalipotoka, mzee alisoma mstari mmoja tu: mafuta mazuri, yako juu.

Basi, hakushikika tena!

"Damu yangu ni ya daraja la kwanza," aliwatambia mafundi huku akiwasha sigara. "Hata nikivuta pakiti nzima, mafuta mazuri yanasafisha."

"Soma na mistari mingine, mume wangu," mkewe alimwambia nyumbani.

"Mama watoto, usiniharibie raha."

Wiki mbili baadaye alikuwa akipanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu. Ghafla kifua kikambana, kama mtu amemkalia. Jasho jembamba likamtoka. Akaegemea ukuta.

"Fundi, vipi?" aliuliza mpiga plasta.

"Nakagua ukuta," alijibu, lakini sauti ilitoka kwa shida.

Mpiga plasta hakudanganyika. Alimkalisha chini, akampigia simu binti wa mzee, akatafuta gari. Muda si mrefu mzee alikuwa kitandani kwenye kituo cha afya, waya za kupima moyo zimebandikwa kifuani.

"Moyo haujaumia," daktari alisema baada ya vipimo. "Lakini mishipa yake imeanza kuwa myembamba. Umewahi kuja, mzee wangu. Wengine hawawahi."

Daktari alipotoka, mzee alimgeukia binti yake. "Sasa yale mafuta mazuri yalikuwa wapi?"

Binti akavuta kiti. "Baba, hayo si mafuta matupu. Ni vifurushi vidogo mno vinavyotembea kwenye damu. Ndani vina mafuta, nje vimezungukwa na protini. Na protini hizo si aina moja. Ziko makumi ya aina, kila moja na kazi yake."

"Kazi gani?"

"Moja ndiyo mhimili. Inakishikilia kifurushi kisisambaratike, na inasaidia kubeba mafuta kutoka kwenye kuta za mishipa hadi kwenye ini. Nyingine inazuia mafuta yasichache humo ndani. Zipo zinazotuliza uvimbe wa mishipa, na zipo zinazousaidia mwili kupigana na vijidudu. Tena vifurushi havifanani. Hiki kina protini hizi, kile kina zile."

Mzee akainua kichwa. "Kama kikosi changu. Kuna mwashi, kuna mpiga plasta, kuna wa nondo."

"Hapo hapo, Baba. Sasa mtu akija pale akahesabu vichwa tu, atajua kazi inakwenda?"

"Thubutu! Siku nyingine ninao kumi na wawili, wanaofanya kazi watano."

"Basi kile kipimo kilihesabu vichwa. Hakioni kama protini zinafanya kazi. Na moshi wa sigara unaziharibu. Vifurushi unavyo, ila vingi vimechoka. Halafu mafuta yako mabaya, yale yanayoziba mishipa, yako juu pia. Ule mstari uliuruka."

Aibu ilimshika mzee, lakini chini ya aibu palikuwa na jambo jingine. Binti huyu alikuwa akizungumza kwa utulivu, bila kubabaika, kama fundi mkuu kwenye kazi yake mwenyewe. Kifua, kilekile kilichombana asubuhi, kilijaa fahari.

"Nifanye nini, mwanangu?" aliuliza. Hakuwa amezoea kuuliza hivyo.

Alielezwa, akafuata. Dawa alimeza kila siku. Mkewe akapunguza vyakula vya kukaanga. Kila asubuhi, kwa ruhusa ya daktari, alitembea kwa miguu hadi kazini. Sigara ndiyo iliyomtoa jasho. Wiki ya kwanza aligombana na kila mtu, hata na ndoo ya mchanga. Mara mbili alirudia, mara mbili akaacha tena. Ya tatu akaacha kabisa.

Miezi sita baadaye mafuta mabaya yalikuwa yameshuka. Namba ya mafuta mazuri haikubadilika sana, na mzee hakuijali. Alikuwa anapanda ghorofa zote nne bila kutweta.

Asubuhi moja aliwapanga mafundi saba kwenye benchi la kituo cha afya, wapimwe. Mlango wa maabara ukafunguliwa.

"Fundi," mmoja wao alinong'ona, "huyu ndiye daktari?"

"Huyu ni mtaalamu wa maabara," Fundi Timazi alijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Na ni mwanangu. Akianza kueleza, kaeni kimya msikilize mpaka mwisho."