Hatua Sita za Jikoni kwa Mwalimu

Siku hiyo ya soko, duka la vifaa vya ujenzi pale Makutano, Meru, lilikuwa limejaa watu mpaka mlangoni. Riungu, mkandarasi wa kukarabati nyumba kuukuu, alikuwa amejibana kwenye kaunta akinunua misumari, wala hakujua kwamba kipande cha mfuko wa saruji kilichokuwa na mchoro wake kimemponyoka mfukoni. Aliyekiokota alikuwa amevaa gauni la njano na viatu vyeupe ambavyo, ajabu ya Mungu, havikuwa na tone la tope.

"Fundi, hii ni nyumba ama ni ng'ombe?"

"Ni nyumba, mrembo. Hapo ni jikoni."

"Na hii miguu minne?"

"Ni nguzo za veranda."

Alicheka hadi mwenye duka akaacha kupima misumari. Jina lake Rwamba, binti wa Embu, na ofisi yake ya kompyuta ilikuwa orofa ya juu ya duka lilo hilo. Riungu alimfuata ngazini akijiambia anafuata kazi tu. Kazi gani! Alikuwa ameshakwisha, maskini.

Ingawa kazi nayo ilikuwepo. Wateja wa siku hizi hawakubali ukuta ubomolewe kabla hawajauona mpya kwenye skrini, na michoro ya mifuko ya saruji ilikuwa imemkosesha Riungu kazi za nyumba mbili. Kwa majuma mawili Rwamba alimwonyesha programu za kuchora nyumba, moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki mbili.

"Chukua hii," akamshauri. "Unaiweka kwa laptop mara moja na haitaki mtandao. Hata ukiwa Kanyakine ndani ndani, inafanya. Hii ingine lazima mtandao, na juu huna akaunti, itabidi utumie yangu. Kila ukiifungua inatuma namba kwa simu yangu, ndio nikupatie."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Itakusumbua."

"Nataka hiyo."

"Riungu, si nimekwambia ile ingine ndio poa?"

"Nimeshachagua."

Rwamba alimtazama, akaelewa, akainama kuficha tabasamu.

Basi zikaanza simu za asubuhi.

"Umekunywa chai, fundi wangu?"

"Bado. Nipe namba kwanza."

"Sema tafadhali."

"Tafadhali, kipenzi."

"Sema kama mtu wa kanisa, si kama mtu wa stendi."

Tarakimu zilikuwa sita, naye alizitoa moja moja, kila moja na kicheko chake. Mwezi ulipokwisha, Riungu hakuweza kumeza chai kabla ya kuisikia sauti ile. Alimpenda, na hakuona haya kukiri hivyo.

Ndipo Mwalimu Ciakuthii, mama mstaafu wa Kanyakine, alipotaka jikoni kwake kufanywe upya. Rwamba alijitolea kuichora picha yake mwenyewe, akaagiza vipimo vya tepu. Lakini Riungu alikuwa amepima nyumba kwa hatua zake miaka kumi na mitano, na mafundi wenzake walimsifu kwa hilo. Akatembea jikoni, akahesabu, akapiga simu.

"Ukuta mrefu ni sita."

"Mita sita?"

Hapo alisita. Amwambie msichana wa kompyuta kwamba yeye hupima kwa miguu?

"Eeh," akasema. "Mita."

Picha ilitoka nzuri ajabu. Mwalimu aliipenda, akaipeleka kwa seremala, akaagiza makabati ya kujaza ukuta mzima. Yalipoletwa, Riungu na Rwamba wote wakiwepo, yaliupita ukuta kwa zaidi ya mita moja na kuziba mlango.

"Riungu," Mwalimu akauliza, mikono kiunoni, "hii ni nini?"

Ukweli ulimfika ulimini. Akaumeza.

"Ni kompyuta, Mwalimu. Huyu msichana ndiye alichora."

Rwamba alifunga laptop yake, akamuaga Mwalimu kwa heshima, akaenda zake.

Kesho yake simu haikupokewa. Namba ilikuja kwa ujumbe, tarakimu sita kavu bila salamu. Ikawa hivyo siku nne. Riungu aliandika maneno ya kuomba msamaha, akayafuta, akayaandika tena. Mtu aliyezoea kubomoa kuta za mawe alishindwa na ujumbe wa mistari miwili. Siku ya tano akapokea mwingine:

"Nimehamisha akaunti kwa simu yako. Namba zitakuja kwako. Hunihitaji tena. Nimerudi Embu."

Alikaa chini kwenye vumbi la kazi yake. Programu sasa ilikuwa yake peke yake, na hakuwa na hamu hata ya kuifungua.

Mchana huo alienda kwa Mwalimu.

"Nilipima kwa hatua, Mwalimu. Msichana hana kosa, na sasa amerudi kwao Embu."

"Najua. Si nilikuona ukitembea hapa ukihesabu na midomo? Nilikuwa nangoja useme." Akamnyooshea kidole. "Haya makabati utayakata wewe, kwa mikono yako. Lakini si leo. Leo enda Embu, mwanangu."

Rwamba alikuwa kwenye duka la kompyuta la dada yake Ruguru, lile alilowahi kumtajia kwenye simu za asubuhi, nywele amezifunga nyuma, sweta nyeusi, macho yamevimba. Watu walikuwa wamepanga foleni kwenye benchi.

"Rwamba..."

"Ngoja laini kama wengine."

Aliketi, wa saba. Zamu yake ilipofika, akaulizwa kama mgeni:

"Nikusaidie na nini?"

"Nilipima kwa miguu nikaona aibu kukwambia. Halafu nikakutupia lawama mbele ya Mwalimu. Nimeshamwambia ukweli." Benchi zima likamgeukia. "Rwamba, sijui nifanye nini. Usiku silali, kazi siwezi. Ukinifukuza nitaenda, lakini sijui nitaenda wapi. Nataka kuja kwenu, kwa wazazi."

Rwamba akasukuma kibodi kando.

"Kuja na wazee," akasema. "Wewe ukiwa peke yako unadanganya."

Benchi likaangua kicheko. Riungu alitaka kucheka nao, akashindwa, akalia pale pale mbele ya watu wa Embu asiowajua. Rwamba akamsogezea leso juu ya meza, akafuta macho yake mwenyewe kwa kiganja, akaita mteja aliyefuata.